Kwa Nini Vioja Mahakamani Hakichoshi

Wengi darasani hudai kuwa kipindi cha televisheni hudumu kwa sababu ya waigizaji warembo na majumba ya kifahari. Mimi nakataa katakata. Tazameni Vioja Mahakamani, kilichoanza enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989. Korti ni ile ile, hakimu yuko mbele. Kesi tu ndiyo mpya, na huamuliwa siku hiyo hiyo.

Sisi wanafunzi wa kutwa hapa Runyenjes hufika nyumbani giza limeingia, na stima ikipotea, basi. Shosho hata akikosa mwezi mzima, akiwasha tu anaelewa. Zile tamthilia za kuendelea hunibidi nimweleze nani alimpokonya nani mume, na hesabu za mwalimu zinaningoja!

Papa Shirandula nacho kilisimama juu ya siri moja: bawabu aliyemficha mkewe Wilbroda kazi yake halisi. Kila wiki tulingoja afumaniwe. Charles Bukeko, aliyekuwa Papa, alipofariki Julai 2020, shosho alilia kama aliyefiwa na jirani. Sasa niambieni, ni jumba gani la kifahari limewahi kumliza shosho wa mtu?