Laana Isiyo na Mlaani: Ngano za Filamu Zenye Mikosi na Wajibu wa Mhakiki

Miongoni mwa masimulizi yaliyozuka kandokando ya sinema ya Marekani, ngano ya filamu iliyolaaniwa ina wapenzi wengi. Muundo wake ni thabiti. Filamu inatengenezwa, mtu anakufa, wa pili anafuata, msimulizi anarudi nyuma kutafuta ishara, kisha anahitimisha kuwa kazi yenyewe ilikuwa na nuhusi tangu mwanzo. Wapo wahakiki wa fasihi simulizi wanaoipokea ngano hii kwa mikono miwili. Kwao ni kisasili cha zama za viwanda, na kazi ya mtaalamu ni kuikusanya, kuiainisha na kunyamaza kuhusu ukweli wake. Makala haya yanaupinga unyamavu huo. Ngano ya filamu iliyolaaniwa ina kazi mahususi, nayo ni kumwondoa mtenda katika sentensi inayoeleza kifo.

Sarufi ya Kiswahili inampa mhakiki chombo cha kulipima jambo hili. Anayesema "bunduki ilifyatuliwa" ameacha nafasi ya swali: ilifyatuliwa na nani? Anayesema "bunduki ilifyatuka" ameiziba nafasi hiyo. Kauli ya kutendwa humficha mtenda lakini humhifadhi. Kauli ya kutendeka humfuta. Ngano ya laana imetungwa, mwanzo hadi mwisho, katika kauli ya kutendeka.

Mfano ulio bayana ni kifo cha Brandon Lee, aliyepigwa risasi tarehe 31 Machi 1993 huko Wilmington, North Carolina, wakati filamu ya The Crow ikitengenezwa. Wasimulizi hukimbilia nasaba: babake, Bruce Lee, alifariki ghafla mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 32, na katika Game of Death, iliyokamilishwa baada ya kifo chake na kuonyeshwa mwaka 1978, mhusika wake hupigwa risasi ya kweli mbele ya kamera. Sadfa hiyo inavutia, na msimulizi akishaifikia huona hana haja ya kuendelea. Lakini bunduki ile ina historia yake. Kwa ajili ya picha za karibu, risasi za maonyesho zilitengenezwa kutokana na risasi halisi kwa kuondoa baruti na kuacha kiwashio. Kiwashio kilisukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu, kikakwama humo. Mtutu haukukaguliwa ipasavyo. Baadaye bunduki ilijazwa risasi tupu, yaani yenye baruti isiyo na kichwa, na nguvu ya baruti hiyo ikakifyatua kilichokwama. Kila hatua katika mfuatano huu ina mkono wa binadamu. Nasaba ya marehemu haina nafasi ndani yake.

Kisa cha Twilight Zone: The Movie kinatisha zaidi. Usiku wa tarehe 23 Julai 1982, huko California, mwigizaji Vic Morrow na watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 6, waliuawa na helikopta iliyoanguka baada ya milipuko ya kuigiza vita kuharibu rafadha yake ya mkiani. Watoto hao walikuwa wameajiriwa kinyume cha sheria za California kuhusu kazi za watoto, wakafanyishwa kazi saa ambazo sheria haikuziruhusu. Mwongozaji John Landis na wenzake wanne walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na mwaka 1987 wakaachiliwa wote. Hata hivyo, mahakama iliuliza nani alifanya nini, saa ngapi na kwa idhini ya nani. Ngano inayokiweka kisa hiki katika orodha ya "filamu zenye mikosi" haiulizi lolote kati ya hayo.

Katika masimulizi kuhusu Poltergeist ya mwaka 1982, madhara yanachukua sura nyingine. Heather O'Rourke, aliyefariki mwaka 1988 akiwa na miaka 12, aliuawa na maradhi ya utumbo. Dominique Dunne alinyongwa na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake, akafa mwaka 1982. Ngano huviunganisha vifo hivi viwili kana kwamba vina chanzo kimoja. Kwa kufanya hivyo, ukatili wa mwanamume dhidi ya mwanamke unageuzwa kuwa kazi ya mizimu, na muuaji anapata wakili asiyemlipa. Chanzo kinachotajwa aghalabu ni mifupa halisi ya binadamu inayosemekana kutumiwa katika filamu hiyo. Ikiwa ni kweli, swali la kimaadili lingekuwa mifupa hiyo ilikuwa ya nani, na ilinunuliwaje. Ngano haina haja na swali hilo. Mifupa kwayo ni kiungo cha kutia ladha.

The Conqueror, iliyopigwa picha mwaka 1954 karibu na mji wa St. George, Utah, inadhihirisha upande wa kitabaka. Mwaka 1953 serikali ya Marekani ililipua mabomu 11 ya nyuklia ya majaribio katika jangwa la Nevada, na upepo ukapeleka vumbi lenye mnururisho upande wa Utah. Ripoti ya gazeti iliyochapishwa mwaka 1980 ilieleza kuwa kati ya watu 220 walioshiriki, 91 walikuwa wamepata saratani. Idadi hiyo peke yake haithibitishi chanzo, kwani wengi wao, akiwemo John Wayne, walikuwa wavutaji wakubwa wa sigara. Lakini tazama ni nani ngano inawahesabu. Inawahesabu Wayne, Susan Hayward na mwongozaji Dick Powell. Haiwahesabu Wapaiute wa eneo hilo walioigiza kama askari wa Kimongolia, wala wakazi wa St. George waliolivuta vumbi hilo mwaka baada ya mwaka. Laana huchagua nyota, mnururisho hauchagui. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaomba radhi na kuwafidia waathiriwa wa majaribio hayo. Radhi ilipatikana kwa sababu wapo waliokataa kuliita jambo hilo mkosi.

Watetezi wa ngano hii watajibu kwa methali: lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja. Wengine watadai kuwa kuikana laana ni kurudia dharau ya kikoloni dhidi ya imani za Kiafrika. Dai hilo ndilo linalozidharau imani hizo. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu uchawi miongoni mwa Wazande, Evans-Pritchard anaeleza habari ya ghala linaloporomoka na kuwaumiza waliokaa chini yake. Wazande wanajua vyema kuwa mchwa wamezila nguzo. Wanachouliza ni kwa nini liliporomoka saa ile, juu ya watu wale. Wanaongeza swali, hawamfuti mchwa. Aidha, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki laana ina mlaani mwenye haki ya kulaani, ina kosa lililotendwa, na ina njia ya kuombea radhi. Laana ya Hollywood haina mlaani, haina kosa, haina radhi. Kwa mizani ya Kiafrika, hiyo si laana, ni kisingizio.

Gharama ya kisingizio hicho haibaki katika masimulizi. Tarehe 21 Oktoba 2021, miaka 28 baada ya kifo cha Lee, mpiga picha mkuu Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi huko New Mexico wakati filamu ya Rust ikitengenezwa. Saa chache kabla, baadhi ya wafanyakazi wa kamera walikuwa wameacha kazi wakilalamikia hali ya kazi, usalama ukiwemo. Mwaka 2024 msimamizi wa silaha alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Waswahili husema ajali haina kinga. Ajali hii ilikuwa nayo: ukaguzi wa risasi moja moja, kazi ya dakika chache.

Mhakiki anayeainisha motifu za ngano hizi na kuishia hapo amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuirudisha kila sentensi ya "alikufa" katika umbo la "aliuawa", kisha kuuliza: na nani, na kwa uzembe gani? Mhakiki asiyeuliza amejiunga na wasimulizi.