Nyumba Isiyokimbiwa

Wenye nyumba wengi hunung'unika kwamba wapangaji wa siku hizi hawakai. Huingia mwezi huu, mwezi ujao wametoka, na chumba hubaki kitupu. Twawaonea huruma, kwani kwa jamaa nyingi kodi ya chumba kimoja ndiyo karo ya shule na chumvi ya mwezi. Walakini, kabla ya kumlaumu mpangaji yafaa tuitazame nyumba yenyewe.

Chukueni mfano wa Salamabila, huko Kabambare, kusini ya Maniema. Mji huo hufuata dhahabu ya Namoya kama kivuli kifuatavyo mti. Wakati wa Wabelgiji dhahabu ilichimbwa, kisha kazi ikakoma mwaka 1961. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uchimbaji wake kamili Januari 2016, ikausimamisha mwaka 2019 kwa sababu ya mashambulio ya watu wenye silaha. Dhahabu ikipatikana, wageni humiminika, na hata kibanda kinachovuja hupata mtu. Kazi ikisimama, wageni huondoka, na wachache wanaobaki huchagua. Basi ajengaye kwa kutegemea siku za neema tu, amejenga nusu ya nyumba.

Wanaobaki ni nani? Ni mwalimu, muuguzi, mchuuzi wa sokoni, mama mwenye watoto. Hao hawaulizi mapambo. Huuliza mambo manne.

La kwanza ni ukavu. Ukuta wa matofali mabichi hauuawi na uzee bali na maji. Paa likiwa fupi, matone huanguka karibu na ukuta, yakaruka na kuula mguu wake mpaka ukainama. Paa na litokeze vya kutosha, msingi wa mawe uinuke juu ya ardhi, na mfereji uyachukue maji mbali. Kazi hiyo hufanywa wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, wala si siku ambayo mvua imekwisha kubisha hodi.

La pili ni maji. Bati la nyumba yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 hufunika mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake, zashuka lita 960, yaani bidoni 48 za lita 20. Hesabuni wenyewe ni safari ngapi za binti kwenda kisimani! Hata kama sehemu yamwagika, pipa moja la lita 200 chini ya mfereji wa bati humpunguzia mpangaji safari kumi. Maji ya kwanza yaachwe yaoshe bati. Yanayofuata yatumiwe kufulia na kuogea, na ya kunywa yachemshwe.

La tatu ni choo. Mama mwenye watoto hutazama choo kabla ya kutazama chumba. Shimo liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, tena upande wa chini yake. Liwe na kifuniko cha kuzuia nzi, na mlango unaofungwa kwa ndani. Mahali ambapo kipindupindu chaweza kuingia, choo kibaya chaweza kuzika mtoto wa mpangaji na wa mwenye nyumba pia, kwani wote huchezea uwanja mmoja.

La nne ni hewa. Dirisha lenye wavu huleta upepo na kuzuia mbu. Jiko liwe nje, chini ya kipaa chake. Tena, mpangaji anayetumia zebaki kukamata dhahabu asiruhusiwe kamwe kuichoma ndani ya nyumba wala jikoni. Mvuke wake huharibu ubongo na figo, nao humdhuru hata mtoto aliye tumboni mwa mamaye. Jambo hilo lisemwe siku ya kwanza, pasipo haya.

Hata hivyo, nyumba njema ya mtu mgumu hukimbiwa pia. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 yakataza kudai garanti inayozidi kodi ya miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Asiyelijua hilo na alijue. Kila malipo yaandikiwe karatasi, na garanti irudishwe pasipo visingizio mpangaji aondokapo. Wala mwenye nyumba asiingie chumbani bila hodi kwa kuwa ukuta ni wake. Usingizi ulio ndani si wake.

Mtu atauliza: «Fedha za kazi zote hizo zitatoka wapi?» Swali ni la haki, hasa kwa mjane ambaye hana ila vyumba viwili. Asianze yote pamoja. Mwaka huu achimbe mfereji na kufunika choo, kazi zinazohitaji mikono kuliko fedha. Mwaka ujao atengeneze paa. Pengine mpangaji ni fundi: wapatane kwa maandishi kwamba kazi yake itahesabiwa katika kodi. Na akumbuke kwamba chumba kilicho kitupu miezi mitatu kimekwisha kula kodi ya miezi mitatu, wala hakikutengeneza kitu.

Kabla ya kiangazi kijacho, ninyi wenye nyumba, zungukeni nyumba zenu siku ya mvua kubwa. Tazameni maji yanakopita, kisha jiulizeni kama mngekubali kulaza watoto wenu humo.