Nipa ya Bibi Ni Gongo, ya Goa Ni "Pombe Adimu"? Mastaa Wetu Mnatuzingua

Najua mnasubiri sehemu ya pili ya ule umbea wa harusi iliyovunjika Mbweni. Itakuja. Leo nina donge, niacheni nilitoe kwanza.

Jumamosi nilikuwa Masaki kwenye klabu moja ya wapenda wiski. Msiniulize nimeingiaje, maana kiingilio ni laki mbili na nusu na mimi natoka Mbagala kwa daladala. Mshkaji wangu ndo mpiga picha wao, nikaingia kama mshika taa. Ilikuwa siku ya kuonja pombe adimu na za ajabu kutoka duniani kote, na mastaa walikuwepo. Sitaji jina la mtu. Ila yupo kaka mmoja ambaye ukikaa kituoni dakika tano lazima ipite gari inayopiga wimbo wake. Na yupo dada wa filamu ambaye siku hizi ni balozi wa kila kitu, kuanzia pampasi mpaka rangi za nyumba.

Kwa ambao hamjawahi kuiona hii kitu: pale watu hawanywi, wanaonja. Unawekewa glasi ndogo iliyobana mdomo, pombe kama vijiko viwili. Unanusa kwanza. Unaweka kidogo mdomoni, unazungusha, unameza. Halafu unadondoshea matone ya maji, unanusa tena, unasema umesikia nini. Mmoja anasema asali, mwingine anasema kiatu kipya. Nisiwe mnafiki, nilienjoi. Mtu akikufundisha kunusa kabla ya kumeza, unakunywa taratibu na unakunywa kidogo. Hilo nawapa.

Wakaanza na wiski ya kisiwa cha Islay, Scotland, ambako shayiri inakaushwa kwa moshi wa udongo wa mboji. Dada wa filamu akafumba macho: "Mmh, huu moshi jamani!" Nikacheka kimoyomoyo. Kwetu gongo likiandikwa kwenye sheria linaitwa pombe ya moshi, na huo moshi wetu haujawahi kumfumbisha mtu macho kwa raha.

Ikafuata mezcal ya Mexico, inatokana na agave, mmea wa ukoo mmoja na mkonge wetu wa Tanga. Ikaja baijiu ya China, hiyo ni mtama. Ikaja poitín ya Ireland. Mwenyeji akatuambia hii ilikuwa inapikwa kwa kujificha vijijini tangu karne ya 17, askari wanawakimbiza watu milimani, mpaka mwaka 1997 ndo ikaruhusiwa kuuzwa huko kwao kihalali. Watu wakapiga makofi. Makofi kabisa! Kwa wapika gongo wa Ireland!

Halafu ikaja chupa ya mwisho. Feni, kutoka Goa, India.

Wadau, sikuwa hata na glasi. Ile kufungua tu kizibo, nikasikia harufu nikaganda na taa mkononi. Mabibo! Yale matunda ya mkorosho yaliyoiva mpaka yanakaribia kuoza, utamu umechanganyika na ukali. Mwenyeji anaeleza: wanaponda mabibo, wanaacha maji yake yachachuke siku kadhaa, wanachemsha, mvuke wanaupoza unarudi kuwa maji. Mara ya kwanza inatoka pombe nyepesi, inaitwa urrak. Wanachemsha tena, inakuwa feni.

Urrak! Waulize watu wa Masasi, Newala na Tandahimba maji ya mabibo yaliyochachuka yanaitwaje. Uraka. Na ukiyachemsha yakawa makali yanaitwa nipa. Mkorosho wenyewe asili yake Brazil, Wareno ndo walioupeleka Goa na huku pwani ya Afrika Mashariki. Mti mmoja, bahari moja, hadi jina limesafiri.

Sasa msikilize yule kaka wa daladala. Ameonja, ametulia, anaiambia kamera: "Hii ni sanaa. Hawa watu wanaheshimu utamaduni wao."

Kaka, wiki mbili tu nyuma ulirusha kipande cha video cha mzee mmoja amelala nje ya kilabu cha gongo, ukaweka vikatuni vya kucheka na maneno "taifa limekwisha". Watu laki ngapi walicheka na wewe? Yule mzee ana wajukuu, na wana simu.

Nasema hivi kwa sababu mimi ni mjukuu wa mpika nipa.

Bibi yangu alikuwa na pipa moja, bomba moja la shaba na mtumbwi wa maji wa kupozea. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wenye mashamba wanachukua korosho, mabibo wanayaacha yanaoza chini. Bibi aliyaokota. Sare yangu ya shule, madaftari, michango, nauli, vyote vilitoka kwenye lile bomba. Form Four yangu nimemaliza kwa nipa, na siku ya matokeo bibi alilia kuliko mama.

Nilipokuwa Form Two wakaja mgambo. Walipasua pipa kwa shoka, bomba wakabeba. Bibi alilala mahabusu siku tatu akiwa na miaka sitini na kitu, akauza mbuzi wawili kulipa faini. Mimi nilikaa nyumbani muhula mzima. Sheria ipo tangu mwaka 1966, kupika bila leseni ni kosa, sibishi. Ila hakuna mtu aliyewahi kumwambia bibi hiyo leseni inapatikana dirisha gani.

Najua mtakachoniambia. "Gongo inaua." Ndiyo, inaua! Mtaani kwetu kuna kaka alipoteza macho kwa pombe ya kuchakachua. Methanoli haina utani, inapofusha na inaua, na mnunuzi hawezi kuiona kwa macho. Kwa hiyo mtu asisome hapa halafu aende kunywa kitu asichojua kimetoka wapi. Sijasema hivyo.

Ninachosema ni kwamba feni na nipa zinatoka kwenye tunda lilelile kwa njia ileile. Tofauti ni kwamba moja ina mtu anayeipima na nyingine ina mtu anayeivunjia pipa. Goa wamesajili jina la feni tangu mwaka 2009, hakuna wa nje anayeruhusiwa kulitumia. Jirani zetu Uganda walitunga sheria mwaka 1965, wapikaji wenye leseni wakauza pombe yao kiwandani ikasafishwe, ndo tukapata Uganda Waragi. Kenya nao walihalalisha chang'aa mwaka 2010, lakini 2014 watu wengi wakafa kwa pombe yenye methanoli. Maana yake ruhusa bila vipimo ni karatasi tu. Na shoka bila vipimo ni nini? Watu wanaendelea kupika, ila porini, usiku, kwa haraka, na huko ndo sumu inakoingia.

Kwa hiyo wakubwa, bibi zetu wapeni vikundi, vipimo na leseni wanayoweza kuimudu. Atakayechakachua mfungeni, mimi wa kwanza nitaandika jina lake hapa.

Na nyie mastaa wetu, kunyweni wiski zenu, pesa ni yenu. Ila kama mnaweza kumpigia makofi mpika gongo wa Ireland aliyekimbizwa na askari, basi mkimuona wa Masasi amekaa chini ya ulinzi na pipa lake limepasuliwa, angalau msimcheke. Huo utamaduni mnaoenda kuulipia laki mbili na nusu, sisi tumeulipia mahabusu.

Bibi yuko hai. Hapiki tena. Jumapili nilimpigia simu nikamwambia watu wa Masaki wananywa nipa kwenye glasi ndogo, wanasema ina harufu ya maua. Akacheka sana, halafu akaniuliza: "Na wao walikamatwa?"

Nikakosa jibu. Kama wewe unalo, lishushe hapo chini.