Mashine ilisema safi, mama mdogo akasema hapana

Nimepotea kidogo, mitihani ilinibana na baridi la Mbeya nalo halina huruma. Leo nina hoja ya watu wa kompyuta, ila hata wewe usiyeandika programu usiondoke, maana inahusu pesa za mama zetu.

Mimi na mwenzangu wa chumbani tuliandika programu ya Python ya kutunza hesabu za VICOBA: hisa, mikopo, marejesho, faini. Tukaiweka GitHub iwe huria, kikundi chochote kiichukue bure. Tukaiunganisha na Pylint, programu inayokagua msimbo yenyewe kila tunapoongeza kitu.

Aisee, siku ya kwanza ilitufokea mpaka basi! Python ina mwongozo wake wa uandishi, PEP 8, wa tangu 2001. Majina ya kawaida yanatakiwa yawe na herufi ndogo, na maneno yatenganishwe kwa mstari wa chini. Mimi nilikuwa naandika jumlaYaHisa kama watu wa Java, mwenzangu JumlaHisa. Wote tukahamia jumla_ya_hisa. Nakiri ilitusaidia. Mwenzako akikukosoa unanuna, lakini mashine utainunia vipi? Tukasafisha yote, ikanyamaza.

Likizo nikapanda basi kwenda Iringa. Mama mdogo ni mweka hazina wa kikundi kule Ipogolo, tukaingiza hesabu za daftari lake lote. Siku ya mkutano akasoma kwenye kompyuta kwamba mama mmoja anadaiwa 220,000. Yule mama akasimama, sauti inatetemeka: "Mimi nilimaliza mwezi wa tano, na mlinipigia makofi!" Daftari likafunguliwa. Kweli, alimaliza. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Mtu anaitwa mdaiwa mbele ya majirani zake kwa sababu yangu.

Usiku nikatafuta kosa, nikalikuta kwenye neno moja: deni. Kwangu mimi deni lilikuwa mkopo wote pamoja na riba, yaani 200,000 na 20,000 juu yake. Kwa mwenzangu lilikuwa kilichobaki baada ya marejesho. Ripoti yake ikachukua deni langu ikidhani ni lake. Herufi ndogo, limenyooka, Pylint haikuwa na neno. Yenyewe inaangalia jina limevaaje, haijui lina maana gani.

Mama mdogo hajui Python hata kidogo, lakini ndiye aliyeturekebisha. "Mwanangu, sisi hatusemi deni tu. Kuna mkopo, kuna rejesho, kuna salio." Basi tukafuta deni kila mahali, tukaweka mkopo_na_riba, jumla_ya_marejesho na salio_la_mkopo.

Mwenzangu anasema tungeandika kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya programu huria. Kwa mradi kama OpenMRS namuunga mkono. Ule ni wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na unaandikwa na watu wa nchi nyingi. Una kanuni zake za uandishi, mgeni anazifuata na maisha yanaendelea. Lakini programu yetu ni ya vikundi vinavyohesabu kwa Kiswahili. Nikigeuza "rejesho" kuwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nani ataniambia nimekosea? Mama mdogo hataweza tena.

Na siyo jambo geni kwetu. Mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, ulilazimika kukubaliana kwanza neno lipi litumike kwa kitu kipi. Bila hivyo kila mfasiri angekuja na lake.

Kwa hiyo rai yangu kwa wanachuo wenzangu: washeni ukaguzi, msiuogope, unaondoa ubishi wa kijinga. Ila kabla ya hapo kaeni na wenye kazi yao, andikeni orodha ya maneno, kila neno na maana moja, muiweke ndani ya mradi ambapo kila mtu ataiona. Alama ya kijani siyo ushahidi kwamba mnaelewana.

Yule mama nilimfuata kwake kumuomba radhi. Akacheka, akanipa ndizi. Ila kasema mkutano ujao daftari litakuwepo mezani.

Naomba kutoa hoja.