Kuuguza Mmea Uliohamishwa Chungu: Somo kwa Shule Zetu

Mmea uliohamishwa kutoka chungu kimoja hadi kingine aghalabu hunyauka kwa siku kadhaa. Majani hulegea, shina hupoteza ukakamavu wake, na mwenye mmea hushikwa na wasiwasi. Jambo la kwanza alifanyalo ni kuchukua maji na kuumwagilia. Kesho yake, akiona haujapata nafuu, huumwagilia tena. Siku ya tatu huongeza na mbolea. Ikiwa mmea wenyewe ni wa aina ile yenye majani manene ya kuhifadhi maji, huenda shina likaanza kuoza kabla ya majuma mengi kupita. Maoni yangu ni kwamba kifo cha namna hiyo hutokana na elimu iliyobaki daftarini, na kwamba mmea huohuo waweza kuzisaidia shule zetu kuitoa elimu hiyo humo.

Nitachukua mfano wa mmea mmoja wa kwetu. Wataalamu huuita Kleinia petraea, na katika baadhi ya vitabu umetajwa kwa jina la Senecio jacobsenii. Huota kwa asili nchini Kenya na Tanzania, mahali penye miamba, na neno petraea lenyewe lina maana ya kitu cha miambani. Mashina yake hutambaa juu ya mawe au huning'inia chunguni, na kifundo kigusacho udongo chaweza kutoa mizizi. Majani yake ni manene, ya kijani, nayo huingia rangi ya zambarau yapatapo jua kali.

Ni kitu gani hutokea mmea huu unapohamishwa? Maji huingia mmeani hasa kwa njia ya vinywele vya mizizi. Kila kinywele ni sehemu iliyorefuka ya seli moja tu, nacho ni dhaifu mno. Mmea unapong'olewa chunguni, vinywele hivyo hukatika kwa wingi pamoja na ncha za mizizi. Hapo mmea huwa kama mtu aliyefungwa kinywa akaketishwa kando ya kisima. Udongo ukijazwa maji wakati huo, hewa iliyokuwa baina ya chembe zake hutoweka. Mizizi yenye majeraha hukosa oksijeni ya kupumulia, na kuvu pamoja na vijidudu vingine viozeshavyo hupata mlango wa kuingilia. Mbolea nayo huzidisha madhara. Chumvi zake huongeza ukolezi wa maji ya udongoni, na kwa kanuni ya osmosisi maji huingia mizizini kwa shida zaidi, au hata hutoka mizizini kurudi udongoni.

Mwanafunzi akiulizwa mambo haya katika mtihani atajibu vizuri na kupata alama zake. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiuona mmea umelegea dirishani atakimbilia kopo la maji. Ameijua osmosisi kama jina la kukaririwa. Hajaizoea kama sababu ya mambo ayaonayo kwa macho yake.

Huenda mwalimu akapinga kwa kusema kwamba miche ya kabichi au nyanya ihamishiwapo bustanini humwagiliwa siku ileile, na isipomwagiliwa hufa. Hoja hiyo ni ya kweli, wala haipingani na nisemayo. Jani la kabichi ni jembamba, hupoteza maji mengi mchana, na akiba yake ni ndogo. Mmea wa majani manene una akiba ndani ya majani na mashina. Tena mingi ya mimea hiyo hufunga vitundu vya majani mchana na kuvifungua usiku, wakati wa ubaridi, ikavuta kabonidayoksaidi na kuihifadhi kama asidi mpaka jua lichomoze. Dalili ya jambo hili iliandikwa zamani. Benjamin Heyne, aliyechunguza mimea huko India, alieleza katika barua iliyochapishwa mwaka 1815 kwamba jani la Bryophyllum huwa chachu asubuhi, na uchachu huo hupungua kadiri mchana uendeleavyo. Wanafunzi wasimwige kwa kuonja, kwani mimea kadhaa ya namna hii ina sumu; karatasi ya kupimia asidi ikitiwa katika maji ya jani lililopondwa yatosha.

Uuguzaji wenyewe ni mwepesi, ila wataka subira. Kwanza, mizizi iliyooza, ambayo huwa myeusi na laini, ikatwe kwa kisu safi, kisha mmea uachwe kivulini siku 2 au 3 ili majeraha yakauke. Pili, upandwe katika chungu au kopo lenye matundu chini, lisiloizidi sana mizizi kwa ukubwa, ndani ya mchanganyiko wa mafungu 2 ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa na fungu 1 la udongo. Mchanga wa ufukweni haufai kwa sababu ya chumvi. Tatu, uwekwe penye mwanga wa kutosha pasipo jua la adhuhuri, na usimwagiliwe kwa muda wa juma 1. Nne, baada ya juma hilo umwagiliwe hata maji yatoke chini, kisha usimwagiliwe tena mpaka udongo ukauke. Tano, mbolea ingoje mpaka ncha za mashina zitoe majani mapya.

Katika muda huo wote majani ndiyo ya kusomwa. Jani lililokunjamana bila kuwa rojorojo lina kiu. Jani lililolainika, likawa la manjano na kupenyeza nuru, linaoza. La kwanza lataka maji, la pili lataka ukavu. Uozo ukiwa umekwisha kupanda shinani, zikatwe ncha zilizo nzima, zenye urefu wa sentimita 10 hivi, zianikwe kivulini siku 2 au 3, kisha zilazwe juu ya mchanga ili vifundo vitoe mizizi upya.

Napendekeza, basi, kwamba jambo hili lifanywe jaribio la darasa. Zipatikane sampuli 12 zilizokwisha kuota mizizi, zihamishwe siku moja katika makopo yanayolingana, zigawanywe katika makundi 3 ya sampuli 4. Kundi la kwanza lisimwagiliwe kwa juma 1, la pili limwagiliwe kila siku, la tatu limwagiliwe kila siku na kutiwa mbolea. Udongo na mwanga viwe sawa kwa wote. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aandike matokeo anayoyatarajia pamoja na sababu zake. Baada ya majuma 6 mimea ing'olewe, na mizizi ihesabiwe na kupimwa.

Wako watakaosema kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu na muda hautoshi. Kazi hii yahitaji dakika chache kwa siku, na vifaa vyake ni makopo matupu na mchanga. Wengine watauliza kwa nini tusitumie mazao ya chakula. Mche wa kabichi waweza kufa mchana mmoja, darasa likiwa katika somo jingine; mmea wa majani manene hudhoofika polepole, ukampa mwanafunzi majuma kadhaa ya kutazama, kukisia na kusahihisha makisio yake. Vipandikizi vichukuliwe kwa wenye bustani, wala mimea ising'olewe miambani. Na mwanafunzi aulizapo kwa nini mmea wake umelegea ilhali udongo umelowa, mwalimu asiharakishe kumjibu. Amwambie autoe koponi, aitazame mizizi yake.