Makumbusho yahitaji wanajeshi wa ugavi

WANAJESHI wengi hustaafu wakiwa na nguvu, kisha huishia kulinda malango ya watu. Kwa aliyehudumu katika ugavi na uchukuzi, huo ni ufujaji wa ujuzi.

Tangu majeshi yetu yaingie Somalia Oktoba 2011, wapo waliohakikisha chakula, mafuta na vipuri vimefika, vimehesabiwa na kutiwa sahihi. Makumbusho nayo huendeshwa hivyo hivyo. Mgeni huona vitu nyuma ya vioo. Haoni maghala, orodha, masanduku wala hati za forodha.

Tazama vigango, nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliofariki. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2023, makumbusho ya jimbo la Illinois, Marekani, yalirejesha 37. Kila kimoja hufungashwa, husafirishwa, husajiliwa na kukingwa dhidi ya mchwa na unyevu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, kigango si gunia la maharagwe. Jeshini, kifaa kilichoharibika hufutwa daftarini kikaagizwa kingine. Kigango kikivunjika hakina badala, na mwenye neno la mwisho juu yake si afisa bali ni wazee wa ukoo.

Kwa hivyo, mstaafu asipewe wadhifa kama zawadi. Nafasi zitangazwe, ashindane na wengine, kisha afunzwe na wahifadhi. Nidhamu anayo, heshima ya kaburi ndiyo atakayojifunza.