Majirani zangu wa traksuti

Ndugu zangu wa Dar es Salaam,

  Nawaandikia wote kwa pamoja kutoka Glasgow kwa sababu jambo hili nimelizungumza na mmoja mmoja kwa simu na bado halijaisha.

Kila nikituma picha ya wanangu wakiwa na wenzao mtaani, swali linalorudi ni moja: mbona wamekaa kihuni? Traksuti, kapelo, raba nyeupe, nywele zimekwanguliwa pembeni. Vijana wa namna hiyo mmewaona kwenye video, mkaona na wanavyochekwa na watu wa nchi yao wenyewe. Nisikilizeni kidogo, maana hao ndio majirani zangu.

Karibu kila mji mkubwa wa huku Uingereza na Ireland una jina la kuwadharau. Hapa Glasgow wanaitwa ned. Liverpool ni scally, Newcastle ni charva, Dublin ni skanger, na kusini mwa Uingereza kote ni chav, jina ambalo mwaka 2004 wachapishaji wa kamusi za Oxford walilitangaza kuwa neno la mwaka. Anayetajwa ni yule yule: mtoto wa maskini, makazi yake nyumba za halmashauri, lafudhi yake nzito ya mtaani. Kampuni ya Burberry ilipoona kapelo zake za mirabaraba zimependwa na vijana hao, iliacha kuzitengeneza mwaka huo huo. Mwaka 2005 jengo la maduka la Bluewater, huko Kent, likapiga marufuku kapelo na sweta za kofia. BBC nayo ilikuwa na Vicky Pollard, msichana wa traksuti ya waridi katika kipindi cha Little Britain, na nchi nzima ikacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Wasichana kama yule ndio ninaopanda nao lifti kila asubuhi, ndio wanaonishikia mlango nikiwa na mizigo.

Wanaocheka hawaulizi mitaa hii ilitokea wapi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, maelfu ya familia zilizobanana katikati ya Glasgow zilihamishiwa pembezoni, Drumchapel, Easterhouse, Castlemilk na Pollok. Walipewa nyumba zenye bafu na choo ndani, lakini maduka yalikuwa haba, na kazi ilibaki mbali. Kisha kazi yenyewe ikaondoka. Viwanda vingi vya meli kando ya mto Clyde vilifungwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 1992 kikafungwa kiwanda cha chuma cha Ravenscraig, huko Motherwell. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo amekua akimwona baba yake amekaa tu nyumbani, na yeye mwenyewe akaambiwa ni mvivu kwa asili.

Visu vilikuwepo mitaani humu, na sitawaficha. Mwaka 2005 polisi wa hapa walianzisha kitengo cha kupunguza ukatili, wakaushughulikia kama maradhi: wakawatafuta vijana, wakakaa nao, wakawasaidia kupata kazi na njia ya kutoka. Mauaji yalipungua mno katika miaka iliyofuata. Matusi yalikuwa yametumika miaka mingi kabla ya hapo bila kumponya hata mmoja.

Mwaka huo huo wa 2005 maofisa wa uhamiaji walimchukua msichana wa Kikosovo, mwanafunzi wa sekondari ya Drumchapel, pamoja na familia yake, ili wawafukuze nchini. Wenzake wa shuleni walikataa kunyamaza. Wakakusanya saini, wakaenda hadi bungeni Edinburgh, wakamkabili Waziri Mkuu wa Uskoti, na familia ile ikaachiwa. Wanajulikana kama Glasgow Girls. Baadhi yao walikuwa wakimbizi, akiwemo Msomali, na baadhi walikuwa mabinti wa Kiskoti wa mitaa hiyo hiyo. Kwenye magorofa ya Kingsway, hapa hapa Glasgow, wenyeji waliamka kabla ya alfajiri kuyavizia magari ya uhamiaji ili wawatahadharishe majirani zao wageni. Watu hawa ndio mnaotumiwa video zao ili mcheke.

Nasi tunayo dharau hii, na inaniuma zaidi kwa kuwa ni yetu. Mtoto wa uswahilini, Manzese au Tandale, akiingia dukani Masaki kwa wenye nazo, mlinzi anamfuata nyuma. Uvumi wa genge la Panya Road ukipita mjini, kila kijana wa kijiweni anageuka mshukiwa, hata yule aliyekesha akibeba magunia sokoni. Tunasema "mambo ya uswahilini" kwa sauti ile ile ambayo wenye nazo wa huku Glasgow hulitamkia neno ned. Wengi wetu tumezaliwa huko huko uswahilini, na mama zetu bado wanaishi huko.

Desemba wanangu wanakuja. Watashuka na traksuti zao na lafudhi yao ya Glasgow, na nawaomba muwapokee hivyo hivyo bila kuwavalisha upya. Waacheni wakae kijiweni na vijana wa mtaa, wacheze nao mpira.

Na kwenye kundi la familia, zile video za kuwacheka vijana wa huku naomba zikome. Wanangu wanasoma Kiswahili vizuri sasa, na wanaelewa kila mnachoandika.

Ndugu yenu,
Glasgow